Taa za tyubu zilizong'olewa ofisini: zinafaa juu ya tangi la samaki?

SWALI: Nafundisha sekondari hapa Moshi. Chuo cha jirani kimeng'oa taa za floresenti darini na kuweka LED, nami nikapewa fremu nne za futi nne, kila moja ya tyubu mbili, pamoja na tyubu zake. Nyumbani nina tangi la kioo la sentimita 120 kwa 45, kimo 50, na nataka kuotesha mimea ndani yake. Fundi wangu anasema tuzifunge zote ndani ya kifuniko cha mbao juu ya maji. Muuza samaki anasema bila tyubu maalum za akwariamu mimea haitashika. Nimfuate nani?

JIBU: Mwalimu, kwa hayo mawili usimfuate yeyote. Fremu moja inakutosha, tyubu za kawaida za dukani zinaotesha mimea vizuri kabisa, na taa yenyewe isiingie kwenye kifuniko bali ining'inie juu ya tangi. Nitalikalia zaidi hilo la kuning'iniza, kwa sababu ukikosea kiasi cha mwanga utaotesha mwani, lakini ukikosea mahali pa kuweka taa utaleta umeme wa volti 230 karibu na maji unayoingiza mkono kila wiki.

Kwanza chukua futi kamba. Tyubu ya futi nne ya wati 36, ukiipima pamoja na pini zake, ina sentimita 121 na ushee. Ongeza holda (vishikio vya ncha za tyubu) na mabati ya mwisho, fremu nzima inafika 123 au zaidi. Tangi lako ni 120. Hata fundi akitaka vipi, fremu hiyo haikai ndani ya kifuniko kinachofuata kingo za tangi. Itabidi ama kifuniko kichomoze pande zote mbili, ama aifumue fremu na kubandika holda na choki (koili nzito inayodhibiti umeme wa tyubu) kwenye mbao. Hapo kwenye kufumua ndipo mambo yanapoharibika. Fremu za ofisini zilitengenezwa kwa ajili ya dari kavu. Hazina mpira wa kuzuia maji popote, pini za holda ziko wazi, na bati lake linashika kutu palipokatwa au kutobolewa. Ndani ya kifuniko kilichofungwa mvuke hauna pa kutokea. Usiku taa ikizimwa na bati likipoa, mvuke unageuka matone juu ya holda zilezile utakazoziwashia umeme asubuhi. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Baadaye utaona ukungu wa kijani kwenye shaba za holda, tyubu itaanza kupepesa, nawe utadhani ni stata, yaani kile kiwashio kidogo cha tyubu.

Kwa hiyo ining'inize. Acha sentimita 15 hadi 20 kati ya taa na tangi, na juu ya tangi laza kioo cha milimita 4 au 5, kilichokatwa vipande viwili ili upate pa kulishia samaki bila kuinua chote. Kioo kinazuia mvuke na michirizi, kinawazuia samaki wanaoruka, na tyubu ikipasuka vigae vyake haviingii majini. Kifute kila wiki. Matone yakikauka huacha utando mweupe, na utando huo unakula mwanga kuliko watu wanavyodhani. Sisi wa Arusha tunaotumia maji ya visima vya upande wa Meru, yenye floridi na magadi, tunaujua vizuri. Ninyi mnaokunywa chemchemi za Kilimanjaro mna nafuu kidogo.

Minyororo miwili iende hadi kwenye kenchi au boriti, isiishie kwenye silingi bodi. Kila choki ya chuma ina uzito wa kuhisika mkononi, na fremu yako ina mbili. Ongeza waya mwembamba wa chuma kama akiba, uliofungwa kwenye tundu lingine la fremu, ili mnyororo mmoja ukikatika taa isije ikafika kwenye kioo. Kwa Moshi kuna faida nyingine ya kuning'iniza: joto. Choki mbili pamoja na tyubu mbili zinatoa joto la kutosha kupasha maji zikiwa ndani ya kifuniko, na mwezi wa pili maji ya Moshi hayahitaji msaada huo. Mwenzako wa Arusha angalau mwezi wa saba angelifurahia.

Sasa fremu zenyewe. Fungua bati na uangalie. Ukiona vipande viwili vizito vya chuma na stata mbili ndogo za mviringo, hiyo ni ya choki ya kawaida. Ukiona kisanduku chembamba, chepesi, kirefu, bila stata, hiyo ni balasti ya elektroniki, na ushauri wangu hapo ni mfupi: iache kama ilivyo, usirefushe nyaya zake, na ikifa usiifufue. Inaendesha tyubu kwa masafa ya makumi ya maelfu ya mizunguko kwa sekunde, na nyaya zake zilipimwa kiwandani. Choki ya chuma ina roho ngumu zaidi. Inavumilia umeme wetu wa kupanda na kushuka, na ukishuka sana kitakachotokea ni stata kupigapiga bila tyubu kuwaka, basi.

Soma kibandiko cha choki. Kwa tyubu yako unatafuta wati 36 (nyingine zimeandikwa 36/40), volti 220 hadi 240, hezi 50, na ampea 0.43. Ikiwa imeandikwa 18 au 58 haiendani na tyubu hiyo, hata kama pini zinaingia. Harufu ya lami iliyoungua, rangi iliyobabuka, au lami iliyotiririka na kuganda ni dalili za choki ya kutupa. Ukiwa na mita, pima kati ya ncha zake mbili: utapata makumi ya omu. Kisha pima kati ya ncha na bati lake. Hapo mita isisome chochote. Fundi mwenye mega (kipima uvujaji wa umeme) aipime kwa volti 500, ndiyo njia ya kuaminika. Una fremu nne, yaani choki nane. Chagua mbili zilizo bora na uzitie kwenye fremu yenye bati safi. Nyingine ni spea zako za miaka, na usiwauzie haraka wanunuzi wa skrepa wanaozitaka kwa ajili ya shaba tu.

Kuna kopo dogo pia, la plastiki au la bati, lililounganishwa sambamba na njia ya umeme. Hilo ni kapasita. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mwenye jengo lenye mamia ya taa kutovuta mkondo wa bure. Kwa taa moja nyumbani haikuongezei mwanga wala haikupunguzii LUKU. Mimi huitoa. Ikiwa jengo lile liliwekewa taa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 na kopo limevimba au linatoa mafuta, usiliguse kwa mikono mitupu, kwa sababu kapasita za zamani ziliwahi kujazwa mafuta ya PCB, ambayo ni sumu isiyooza. Fremu hiyo iache yote. Hata kapasita nzima ipe dakika chache baada ya kuchomoa umeme, kisha gusanisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki kabla ya kuikata.

Holda zizungushe kwa tyubu ya zamani kabla ya kuziamini. Plastiki iliyokaa miaka karibu na tyubu inakuwa kavu na kuvunjika kwa kubonyezwa tu. Mpya ni bei ndogo, na stata vivyo hivyo: nunua mbili zilizoandikwa wati 4 hadi 65, usihangaike na zilizokuja na fremu. Sehemu moja ya fremu hizi ambayo watu huitupa ndiyo ningeitafuta kwanza, nayo ni yale mabawa ya alumini yanayong'aa kama kioo. Nusu ya mwanga wa tyubu unakwenda juu, na mabawa hayo ndiyo yanayourudisha chini. Kama fremu zako ni za bati jeupe tupu, lisafishe kwa maji ya sabuni likiwa limechomolewa, likauke siku nzima, na palipobanduka rangi paka nyeupe ya mafuta.

Tyubu zilizokuja na fremu zisiwekwe juu ya mimea. Zinawaka, ndiyo, lakini jicho la mtu linajirekebisha na mmea haujirekebishi. Unga wa ndani umechoka, na ncha zikiwa nyeusi ujue hata kuwaka kwake ni kwa siku za kuhesabu. Isitoshe, soma namba ubavuni. Nyingi za maofisi ya zamani zimeandikwa 54-765, au 54 tu. Hizo ni za unga wa kizamani: tyubu ya wati 36 inatoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 2,500 hivi. Unayoitaka imeandikwa 865, na kwa wati zilezile inatoa karibu 3,250. Namba 8 inakuambia uhalisi wa rangi umevuka 80 katika 100, na 65 ni kelvini 6,500, weupe wa mchana. Nyingine iliyoandikwa 840 ina weupe wa joto kidogo. Mimi huchanganya: 865 mbele, 840 nyuma, ili rangi nyekundu za samaki zisipauke. Mimea haijali sana; kote kote inapata bluu na nyekundu inazohitaji.

Hapo ndipo ninapopishana na muuza samaki wako. Tyubu za akwariamu zenye mwanga wa waridi zinawapendezesha samaki, na si dhambi kuzipenda. Lakini kwa jicho zinaonekana hafifu, bei yake ni mara kadhaa ya tyubu ya kawaida, na huko kwenu zikiisha utasubiri mzigo. Mmea unaoota chini ya jua la Kilimanjaro haukuzaliwa na mahitaji ya rangi ya waridi.

Kuhusu wingi, tangi lako lina lita 270 likijaa hadi ukingoni. Ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, tuseme 230. Tyubu mbili ni wati 72, yaani wati 0.3 kwa lita. Kwa taa za aina hii hicho ni kiwango cha mwanga wa chini hadi wa kati, nacho ni kizuri kwa mtu anayeanza: Anubias, Vallisneria, Ceratophyllum, na lile kangaga la Java (Java fern) linalofungwa kwenye gogo, zote zitaenda. Ukiwasha fremu mbili utafika wati 0.6 kwa lita, na hapo mimea itadai hewa ya ukaa na mbolea kila siku. Usipoipa, mwani utachukua nafasi hiyo. Fremu zote nne alizotaka fundi zingekupa tangi la supu ya kijani kabla muhula haujaisha. Washa kwa muda wa saa 7 au 8 kila siku kwa kutumia taima, usiongeze eti kwa sababu mimea inakua polepole. Na tangi lisikae mkabala na dirisha la magharibi. Jua hilo halimo kwenye hesabu yako.

Mpaka hapa nimezungumzia taa. Umeme wenyewe nataka usome taratibu, hata kama fundi ndiye atakayeufunga.

Bati la fremu lazima liwe na waya wa ethi, ule wa kijani wenye mistari ya njano, uliofungwa kwa skrubu kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Ofisini huenda ulikuwepo ukakatwa wakati wa kung'oa. Nyaya za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Mpya ni kahawia na bluu. Usichanganye vizazi hivyo viwili ndani ya fremu moja bila alama. Tumia kebo ya nyaya tatu, iingie kwenye fremu kupitia tundu lenye mpira, na ibanwe ndani ili ikivutwa isichomoke. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampea 3, si 13 inayokuja nayo.

Ila fyuzi inalinda waya, haimlindi mtu. Mkondo unaoweza kumuua mtu aliyelowa mkono ni wa makumi ya miliampea tu, na fyuzi ya ampea 3 haitashtuka hata kidogo. Kinachokulinda ni breka ya kuvuja umeme, RCD, ya miliampea 30. Nyumba nyingi mpya zinayo kwenye bodi kuu. Nyumba za zamani hazina. Bonyeza kitufe chake cha majaribio uone kama inakata. Kama haipo, funga moja kwa ajili ya soketi ya tangi, na hiyo ndiyo pesa ambayo katika mradi huu wote nakuomba usiibanie. Nguzo ya ethi nayo ipimwe. Wakati wa kiangazi udongo ukikauka, nguzo fupi iliyopigwa nyuma ya nyumba huwa haishiki ardhi inavyopaswa.

Soketi ikae pembeni ya tangi, si chini yake, na kebo kabla ya kufika kwenye soketi ishuke kwanza chini yake kisha ipande, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondokee sakafuni na yasiingie kwenye plagi. Swichi ikate waya wa moto. Nimekuta taa zilizofungwa zikakata nyutro: taa imezimika, mwenye nyumba ana amani, na holda bado ina moto. Kabla ya kuingiza mkono majini chomoa plagi ya taa, ya hita na ya pampu, zote. Wafundishe na watoto.

Ikiwa bado moyo wako uko kwenye kifuniko cha mbao, tafuta fremu za aina nyingine. Zipo zile zenye mfuniko wa plastiki angavu na klipu pembeni, zinazofungwa kwenye vituo vya mafuta, viwanda vya maziwa na vyumba vya baridi. Zimeandikwa IP65, yaani hazipitishi vumbi wala maji ya kurushiwa, ingawa si za kuzamishwa. Za futi mbili, wati 18, zinakaa vizuri ndani ya kifuniko cha tangi kama lako. Badilisha mpira wa pembeni kama umekakamaa. Kwenye soko la vitu chakavu ningepita fremu kumi za ofisini nikitafuta moja ya hizo.

Gharama. Tyubu mbili za 36 pamoja na joto linalopotea kwenye choki ni wati 90 hivi. Kwa saa 8 ni uniti 0.72 kwa siku, karibu 22 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa uniti ni kama 7,500. Lakini kama nyumba yako iko kwenye lile kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, angalia sana: uniti 22 za ziada zinaweza kukutoa kwenye bei nafuu, na hapo taa ya samaki imepandisha bei ya jokofu na pasi pia.

Ndiyo maana nakushauri ufunge fremu kwa namna ambayo kesho itapokea tyubu za LED. Kesho hiyo haiko mbali. Katika mkutano wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliofanyika Geneva mwishoni mwa 2023, nchi wanachama, nasi tumo, zilikubaliana kusitisha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu za floresenti: zile za unga wa kizamani mwisho wa 2026, na hizi za 865 na 840 mwisho wa 2027. Ulaya iliacha kuziingiza sokoni tangu Agosti 2023. Chuo cha jirani yako hakikuwa na wazimu kilipozing'oa. Tyubu utakazonunua leo nunua na jozi ya akiba, na zikiisha uhamie LED ya wati 18, ambayo kwa mbili itakushusha hadi uniti 9 hivi kwa mwezi.

Siku ya kuhamia, usitosheke na kuchomeka tyubu ya LED na kile kistata cha bandia kinachokuja nayo. Inawaka hivyo, ndiyo, ila choki inabaki ikila umeme bure. Toa choki, toa stata, na usome mchoro ulioko kwenye tyubu. Nyingine zinapokea moto na nyutro upande mmoja, nyingine moto upande huu na nyutro upande ule. Chukua ya upande mmoja. Ile ya pande mbili, ukichomeka ncha moja huku umeme upo, pini za ncha ya pili zilizo mkononi mwako zinaweza kuwa na moto. Kisha bandika karatasi ndani ya bati, iandikwe kwa wino usiofutika kwamba fremu hii haina choki tena, asije mtu akachomeka floresenti humo.

Zimebaki tyubu 8 za zamani. Kila moja ina miligramu chache za zebaki. Usizivunje ili zitoshee kwenye mfuko, usizichome, usizitupe kwenye shimo la taka la shule. Zirudishe kwenye maboksi yake, au uzifunge kwa magazeti na kuzisimamisha stoo pasipofikiwa na wanafunzi, halafu uliza ofisi ya NEMC (baraza la taifa la mazingira) ya Kanda ya Kaskazini, hapa Arusha, ni nani mwenye kibali cha kukusanya taka za namna hiyo. Chuo kilichokupa kina mamia yake, kwa hiyo huenda njia rahisi ni kuzirudisha ziondoke na mzigo wao. Moja ikivunjika ndani ya nyumba, toa watu, fungua madirisha, subiri robo saa, kisha kusanya vigae kwa karatasi ngumu na unga kwa selotepu, vyote viingie kwenye chupa yenye mfuniko. Usipige ufagio, ufagio unapeperusha kile unachotaka kukiokota.